Kwa Shangazi, Aliyetazama Mpaka Farasi wa Mwisho

Shangazi yangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka. Ni ukwato wa farasi ukigonga ubao wa juu wa kiunzi: tak. Haikuwa kubwa. Mtangazaji aliipita kwa maneno yake ya haraka, na wanaume wa lile duka la kubeti la Shauri Moyo waliifunika kwa kelele zao. Wewe uliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia sufuria ikianza kuchemka jikoni, kisha ukanigusa goti.

"Umesikia? Miguu ya huyo imeanza kuwa mizito. Kiunzi kinachokuja, muangalie yeye tu."

Nami nilimwangalia. Mara nyingi ulikuwa umesema kweli, na mara nyingi nilitamani ungekuwa umekosea.

Nilikuwa bado msichana wa shule. Kila Jumamosi Mama alikuwa kiwandani kutwa, kwa hiyo nilitoka kwetu, mtaa wa Tena, asubuhi na kuja kushinda kwako, kwenye ile nyumba ya halmashauri yenye mlango wa buluu. Tukishakula, ulifunga kitambaa chako cha kanisani, ukatia njugu mkobani, tukaenda kutazama mbio za farasi wa Ulaya kwenye televisheni. Mle dukani wewe ndiye uliyekuwa mwanamke pekee, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee. Baba Karis, fundi viatu, alikuwa akikuona tu mlangoni anaanza.

"Karibu, Nabii! Leo Mungu amesema farasi gani?"

"Mungu ana kazi nyingine, Baba Karis. Mimi nimekuja kuangalia."

Na ilikuwa kweli. Kila mtu alijua hubeti. Ulikuwa umefanya kazi miaka mingi kwenye kantini ya uwanja wa farasi kule Ngong Road, ukiwapikia chai masaisi, wale wanaolisha na kusugua farasi, na ulijifunza kwa kusikiliza malalamiko yao. Huyu hali vizuri. Yule hapendi matope. Yule akifungwa karibu na jike fulani hapati usingizi. Ulipoacha kazi hukukumbuka mshahara wala bosi. Uliwakumbuka farasi.

Lakini kule Ngong Road farasi uliowazoea walikimbia kwenye nyasi tupu. Siku ya kwanza ulipoona mbio za kuruka, ulisimama katikati ya duka, mkono kiunoni. "Ee! Nani amepanda michongoma katikati ya njia?" Watu walicheka mpaka mwenye duka akatoka nyuma ya kioo chake kuona kuna nini. Siku hiyo ulichagua kama ulivyozoea: mwepesi, kifua chembamba, anayetoka kama amefukuzwa. Aliongoza vizuri sana. Kisha akafika kwenye ua mrefu, akauvaa badala ya kuuruka, na yule mpandaji akaruka peke yake kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori.

Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye bomba la maji, mahali wanawake walipopanga mitungi, ulisimama ghafla. "Tumekosea swali," uliniambia. "Hapa hawaulizi nani ana mbio. Wanaulizana nani atafika."

Hapo ndipo uchambuzi wetu ulipoanzia. Mimi nilisoma Kiingereza cha kwenye skrini, wewe ukauliza. Mvua imenyesha huko? Udongo umelowa kiasi gani? Mbio ni ndefu? Amebebeshwa uzito gani? Uliponieleza kwamba farasi aliye bora huongezewa mzigo ili wengine wapate nafasi, nilikasirika sana, nikasema huo ni uonevu. Ukacheka. "Wewe ni kifungua mimba, lazima likuume." Uliniuliza pia uwanja unapinda upande gani, kwa sababu farasi anayevutika kulia kila akiruka, mahali njia inapopinda kushoto, hupoteza hatua kwenye kila kiunzi, na hatua hizo hazirudi.

Majina yao yalikushinda, ukawapa ya kwako. Konda alikuwa yule anayetangulia akisukuma wenzake, na pumzi inamwisha kabla ya kilima. Mzee wa Kanisa alianza polepole, akawapita watu wakati walikuwa wameshamsahau. Bi Arusi alikuwa jike la kijivu. Kabla ya kila ua aliongeza kihatua kimoja kidogo, kana kwamba anainua gauni lisiguse matope. Huyo tulimpenda sote, hata Baba Karis.

Ukishamaliza kuwapitia wote, ulitoa hukumu kwa sauti ileile uliyotumia kumwambia mtu njia ya kwenda sokoni. "Huenda Mzee wa Kanisa akafika mbele. Lakini Konda akipata nafasi ya kupumua katikati, nimekosea."

"Sasa Shangazi, hiyo 'huenda' nitaipeleka wapi?" Baba Karis alilalama. "Nitajie mmoja nimwekee!"

"Pesa zako ziache mfukoni. Zizoeane na hilo tundu."

Usinikatalie, lakini ulipenda kuwa sahihi. Niliona ngumi yako chini ya mkoba wakati Mzee wa Kanisa alipokuwa akipanda ule mwinuko wa mwisho. Ulipenda sana. Hukutaka tu mtu mwingine alipe bei ya kupenda kwako.

Halafu mshindi akipita, duka lilipasuka. Wengine wakicheza, wengine wakikunja tiketi, wengine wakitukana mpandaji ambaye hata hajui kuna mahali panaitwa Shauri Moyo. Wewe hukuinuka. Ulingoja wa pili, wa tatu, wa katikati, na yule wa mwisho kabisa, anayekuja akitembea, povu kifuani, ambaye kamera yenyewe ilikuwa karibu kumwacha. Niliwahi kukuvuta sketi, nimechoka. "Tulimtaja," ulisema. "Sasa tumwone." Kila farasi uliyekuwa umemtaja mdomoni ulimsubiri.

Ndiyo maana tulimwona Bi Arusi siku aliyoanguka. Wenzetu walikuwa wameshageuka, wanashangilia. Hakuinuka. Watu walikuja wakikimbia na pazia la kijani, wakalisimamisha pande zote mpaka asionekane. Nilikuuliza wanafanya nini.

"Wanampa faragha. Apumzike."

Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Niliamini mpaka ile alasiri muuguzi alipovuta pazia kukizunguka kitanda chako, akaniomba nisubiri nje kwenye benchi. Alitoka akaniambia umepumzika. Sikumuuliza swali lolote, Shangazi.

Tangu uondoke nimekuwa nikienda pale dukani Shauri Moyo mara chache. Nimemaliza chuo, nimesoma fasihi, na kwa muda mrefu kazi imekuwa kuandika vipande hapa na pale kwa watu wanaosahau kulipa. Mama bado yuko kiwandani na miguu inamvimba. Basi kampuni moja ya kubeti kwa simu ikatafuta mtu wa kuchambua mbio za farasi wa kuruka kwa Kiswahili. Nadhani unajua jinsi moyo ulivyonidunda. Walinipa mbio za kuchambua kwa majaribio, nikakaa nazo kama tulivyokaa mimi na wewe: udongo, urefu, uzito, nani anavutika kulia, nani ametoka kwenye mapumziko marefu na bado hajarudisha mwili. Niliandika vizuri. Najua niliandika vizuri.

Mhariri wao, kijana wa rika langu, alinipigia siku hiyohiyo.

"Dada, hii kitu ni moto. Lakini hizi 'huenda' zako zitatuua."

"Ndizo zilizo kweli."

"Mtu hanunui bando asome 'huenda'. Anataka mshindi. Weka 'lazima', tumalize." Kisha akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamweleza habari zako, kitambaa, njugu, Nabii na vyote. Kwa kitambo nilidhani ameguswa.

"Hapo sasa ndiyo kuna pesa," alisema. "Tuiite 'Shangazi Asema'. Kila Jumamosi, farasi mmoja wa uhakika. Picha yake unayo?"

Ninayo. Ile ya mlangoni kwako, umekunja uso kwa jua.

Sitakudanganya, nilitamani. Ulikuwa mshahara wa kweli, wa kila mwezi, na Mama angeweza kukaa nyumbani. Kwa wiki nzima nilijaribu kuisikia ile sentensi kwa sauti yako: "Shangazi asema, lazima." Nilijaribu nikiosha vyombo, nikajaribu nikiwa kanisani. Haikutoka. Ilipofika mdomoni mwako, kila mara uligeuza kichwa.

Lakini kilichonikatia shauri hakikuwa sauti yako. Kilikuwa Baba Karis. Nilimwona, wazi kabisa, kwenye kibanda chake, simu kwenye goti, gundi vidoleni, akiiona sura yako. Mtu aliyekuomba jina moja miaka yote hiyo na hukumpa. Angedhani hatimaye umekubali kumwambia. Asingeuliza lolote. Angeweka kazi yote ya siku hiyo, na ya kesho yake, kwa farasi ambaye mimi ningekuwa nimemwita wa uhakika huku nikijua kwamba mbele yake kuna michongoma.

Jumatatu nilimwandikia mhariri kwamba jina lako halitoki, picha haitoki, nami siandiki. Alijibu kwa upole, nimsifu kwa hilo. "Poa, dada. Tutatafuta shangazi mwingine."

Jumanne nilikwenda kwa Bi Zamzam, yule anayeuza leso kwa jumla upande wa Gikomba, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuwasiliana na wateja wake wa mikoani. Alinisikiliza, akaridhika. Nikamwambia kuna jambo moja: Jumamosi nitatoka mchana.

"Jumamosi ndiyo siku ya wateja, binti. Una mchumba?"

"Nina mbio za farasi."

Alinitazama, kalamu hewani. "Wallahi, nimedanganywa mengi na wafanyakazi. Hilo bado." Alipunguza mshahara kwa ajili ya hizo alasiri, tukakubaliana. Mama alikasirika, kisha akaniuliza nitakuwa narudi saa ngapi.

Nimeshaanza. Jumamosi iliyopita nilifunga marobota, nikajipangusa vumbi, nikatoka kwenda Shauri Moyo kutazama mbio, wakati duka la leso bado limejaa watu. Bi Zamzam alinipungia mkono bila kuinua macho.

Nakuaga hapa, Shangazi, kwa mapenzi ambayo hayajapungua,

Mtoto wa kaka yako