Upanga wa Babu Kitundu Kwenye Kabati la Kioo

Dar es Salaam,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuona umekaa karibu na mlango ili upate mwanga, barua umeiweka mapajani. Kifua kinaendeleaje? Na ile nyumba mpya ya kijijini, inavuja bado, au umeacha kuhamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile? Sisi huku hatujambo. Mkamwana wako Esta anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la pamba, lakini kiwandani anakwenda. Mimi ni yule yule, mashine yangu ya kufuma ni ile ile, na kelele zake sasa nazisikia hata nikiwa kanisani.

Barua yako nimeipata. Haki ya Mungu, mama, niliisoma nimesimama pale pale posta, watu wananipita na kunikanyaga. Mistari minne, herufi kubwa, nyingine zimeanguka chali: "Msengi mwanangu. Nimeandika mwenyewe. Upanga umesema baba yuko wapi? Usinifiche." Nililia mbele za watu, mtu mzima mwenye ndevu. Miaka yote barua zangu unasomewa na watu, leo unaniandikia kwa mkono wako! Nikafurahi sana. Halafu nikalirudia lile neno la mwisho, furaha ikakatika.

Nimekwisha kuchana barua mbili ambazo ndani yake nilikudanganya. Hii ya tatu usimpe mtu akusomee, hata mwalimu wako wa kisomo cha watu wazima. Nimeandika herufi kubwa kubwa makusudi. Soma mwenyewe taratibu, hata ikikuchukua siku mbili.

Unakumbuka nilivyouchukua ule upanga. Ulikuwa mwaka wa kuhamishiwa vijijini, nyumba yetu ya tembe inabomolewa, majirani wanamwaga pombe kwenye makaburi ya wazee wao kuwaaga. Wewe hukuwa na kaburi la kuaga. Ulisimama umeukumbatia upanga wa baba yako kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, ukaniambia, "Upeleke huko kwa wasomi. Waulize baba yangu alilala wapi. Nikipajua nitakwenda hata kwa miguu." Nikakuahidi. Mimi kuahidi sijambo, unanijua.

Basi nimeupeleka kwenye nyumba ya makumbusho. Yupo pale mzee mmoja mtunza vitu vya kale, Mzee Salehe, mpole na mchache wa maneno. Aliuchomoa kwenye ala akautazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Huu ni upanga wa mpanda farasi." Akanionyesha ulivyo mrefu, kwa sababu anayeushika yuko juu na anayepigwa yuko chini. Ile ala ya chuma ina pete mbili za kuning'inizia, na upande mmoja imelika kwa kugonga tandiko safari nzima. Mimi kifua kikanijaa. Nikamwambia babu yangu ndiye aliyekuwa mpanda farasi, maana ndivyo ulivyotuambia tangu wadogo.

Mzee Salehe akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "farasi wale walipandwa na Wazungu. Vita vya Mjerumani vilipofika huko kwenu wengi walikufa kwa mbung'o, njia nzima mizoga. Farasi akifa, mzigo wake ulibebwa na mtu."

Kwa hiyo mama, babu Kitundu hakupanda. Alibeba. Nilibaki nafikiri jinsi alivyotembea na tandiko la farasi aliyekufa juu ya kichwa, yeye ambaye hata viatu nadhani hakuwa navyo.

Sasa kaa vizuri, mama. Mzee Salehe alichukua kioo cha kukuzia, akachungulia pale chini ya mpini. Akaniita. Akasema, "Hapa palikuwa na maandishi." Si ya kiwandani. Mtu alichukua msumari akagonga kidoti kimoja kimoja, kwa Kiswahili, herufi za kuunganisha kama walivyofundishwa watu wa shule za Mjerumani. Mistari mitatu. Wa kwanza hauonekani kabisa. Wa pili umebaki mwisho wake tu, "tundu," na hilo ni jina la babu bila shaka. Wa tatu una neno moja zima: "amezikwa." Baada ya hilo neno palikuwa na jina la mahali. Nilikishika kile kioo mimi mwenyewe, nikageuza upanga huku na huku dirishani. Pamekuwa laini kama kijiko.

"Nani alikuwa anausugua hivi?" Mzee Salehe akauliza.

Najua mkono wako umekwenda mdomoni. Usilie kwanza, soma. Ni kweli wewe ndiye uliyesugua, kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, mchanga wa mtoni na majivu, halafu mafuta ya kondoo. Yule mtu wa Shelui aliyeuleta nyumbani baada ya vita, hoi kwa homa, alimwambia bibi neno moja tu, "utunzeni," na kesho yake akafa. Mliutunza. Hakuna aliyewaonya zaidi ya hapo, na mlifanya kama mlivyoambiwa.

Lakini kuna siku moja umeisahau. Hata mimi nilikuwa nimeisahau mpaka nilipoinama kwenye kile kioo. Nilikuwa darasa la pili. Ulikuwa unasugua pale nje, ukasimama, ukaniita: "Msengi, wewe unayesoma, hebu njoo. Hivi vidoa hapa si maandishi?" Nami nilikuwa nimejisifu nyumba nzima kwamba hakuna kitabu kinachonishinda. Nikavitazama. Vilikuwa vimelala, vimeshikana, si kama vya kitabu chetu cha shule. Sikuweza hata herufi moja. Dada Nakinyi alikuwa amesimama hapo na ameanza kunicheka. Nikakwambia, "Ni kutu, mama. Sugua."

Ukanishukuru. Ukachota mchanga mwingine.

Ndilo nililokuficha kwenye zile barua mbili. Nina aibu, mama, na roho inaniuma kuliko nilivyopata kuumia. Ukitaka kumlaumu mtu, mtu ndiye huyu.

Wale wa makumbusho wanaomba upanga ubaki. Kwa sasa umelazwa kwenye kabati la kioo karibu na dirisha, juu ya kitambaa chekundu, na watoto wa shule wanaweka pua zao hapo mpaka kioo kinafanya ukungu. Hausuguliwi tena, unapanguswa kwa pamba na mafuta kidogo. Kikaratasi chake kimetaja na kwetu, kinasema, "Upanga wa mpanda farasi. Ulitunzwa Kinyangiri." Nilimwambia Mzee Salehe kwamba mpanda farasi huyo hatumjui, aliyeubeba ndiye tunayemjua. Akasema, "Lete jina lake lililoandikwa na mtu wake, nitaliweka humo ndani." Mama, liandike wewe. Herufi zikianguka chali ziache hivyo hivyo. Na ukisema upanga urudi nyumbani, nitaurudisha, sitabishana.

Nisalimie dada Nakinyi anayekutekea maji, mwambie alikuwa na haki ya kunicheka. Mjomba mwenye ng'ombe wa Sepuka mpe shikamoo yangu, na shangazi anayekupikia uji, na mwalimu wa kisomo mwambie namshukuru kwa kazi yake. Esta anakuamkia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyembamba. Mzee Salehe aliiweka juu ya upanga akapitisha penseli, na vile vidoti vikatokea vyeupe. Ni neno moja tu lililosalia, na wewe sasa unajua kusoma. Lisome polepole.

Haikuwa kutu, mama. Nisamehe.

Mwanao,
Msengi