Dengu za Adhar na Damu Yangu

Jumatatu, 7 Januari 2013
Nimerudi Kakuma na aibu. Dada yangu Jelagat atafanyiwa upasuaji wa kujifungua Lodwar tarehe sita mwezi ujao — mtoto amelala vibaya. Daktari anataka damu iwe tayari. Kundi lake ni adimu. Katika jamaa wote ni mimi tu ninayelingana naye. Nikajitokeza kifua mbele! Muuguzi akadondosha tone langu kwenye maji ya buluu. Likaelea. Damu nyepesi, akasema, nenda ukale kwanza. Akanipa karatasi ya lishe. Jelagat alicheka mpaka akashika tumbo: mwili wa fahali, damu ya kifaranga.

Alhamisi, 10 Januari
Dengu! Si ndengu za kijani. Ni zile kubwa za duara zenye kidomo. Karatasi inazisifu: protini, madini ya chuma, nyuzinyuzi za kulainisha tumbo. Adhar, mama wa Sudan Kusini anayepika karibu na kambi, huziloweka usiku kucha, huzichemsha, huzikamulia ndimu. Sahani mbili leo. Juu yake chai ya maziwa, vikombe vitatu. Ofisi nzima nimeisomea karatasi. Tumbo linanguruma. Raha tu.

Jumapili, 20 Januari
Baada ya kanisa, kwa Adhar. Nikaagiza chai. Akaniuliza nani amenidanganya.

"Chai nakula hiyo chuma yote, baba. Kliniki ya wamama nasema kila siku. Ngoja masaa mbili."

Nikamtolea karatasi kwa madaha. Akaigeuza. Nyuma, herufi kubwa: USINYWE CHAI PAMOJA NA CHAKULA. Mimi! Karani ninayewaambia watu dirishani kila siku, geuza fomu, jaza na nyuma! Siku kumi zimekwenda na maji. Adhar alicheka kwa adabu, akaniongezea ndimu.

Jumatano, 23 Januari
Saa nne asubuhi, bila chai. Kichwa kinagonga. Wainaina wa dirisha la pili anakunywa huku akinitazama. Mshenzi.

Jumanne, 5 Februari. Lodwar
Upasuaji ni kesho asubuhi. Tone limeshuka nusu, likasimama. Likatafakari. Kisha likaanza kuzama, taratibu mno. Muuguzi hakuridhika, atapima tena kwa mashine. Tumekaa kwenye benchi. Muuza chai amepita na birika. Jelagat amemtupia jicho moja, muuzaji akageuza njia. Tumecheka. Lakini naogopa, ndiyo maana naandika. Anasema hata damu ikikataliwa nimekula vizuri. Uongo, naye anaogopa.

Jina langu limeitwa kwenye mashine. Jelagat ameushika mkono wangu wa kushoto, ndio wenye mshipa mzuri, na hauachii —