Sentensi Kumi za Chembe

Jumatatu, 3 Juni

Leo Kifutio katupa neno moja tu: chembe. Kifutio ni mwalimu wetu wa darasa la jioni — jina nimempa mimi, maana anafuta kuliko anavyoandika. Akasema chembe ni kitu kidogo kabisa, ukitaka kukigawa hupati pa kukatia. Kila mtu alete sentensi kumi Jumamosi, saa tatu asubuhi, mlangoni pa chumba cha mtihani wetu wa cheti. Bila sentensi huingii. Tena ziwe za kweli, zilizotokea wiki hii hii. Za kuokota kitabuni atazinusa.

Kumi tu! Mimi ninayeongea kutwa bila kumeza mate?

Sina chembe ya wasiwasi. Hiyo moja tayari.

Nikipata cheti naenda kusomea kuendesha winchi. Mama kashakubali. Nikikosa, nabaki hapa kwa Mjomba, fundi saa, mpaka nirithi meza yake. Maneno ya Mama hayo. Alinileta mwaka jana, shule iliponitema kidato cha pili kwa sababu ya mdomo.

Chumba changu kiko nyuma ya duka. Hakina mlango wa nje. Kutoka lazima nipite mbele ya Mjomba, na ufunguo anauvaa shingoni kama filimbi ya refa. Ukutani kuna saa arobaini na moja, hakuna mbili zinazoelewana.

Jumanne, 4 Juni

Kutwa mezani. Mjomba kanipa saa ya mkononi ya nesi mstaafu wa jengo la pili, saa ya marehemu mumewe. Nirudishe skrubu zote za ndani. Skrubu yenyewe ukiiweka juu ya kucha inapotea. Zamani kazi yangu ilikuwa kufuta vioo na kubadilisha betri. Sasa kila kilicho kidogo ni mimi. Anasema mkono wake umechoka. Umechoka wapi — vidole vyangu vimemshinda! Kaona kipaji, anaona haya kukisifu.

Kaniambia pia nimsomee namba zilizochongwa ndani ya mfuniko. “Nakupima kusoma, bwana mdogo.” Nikazitiririsha kama mtangazaji wa mpira. Yeye akaziandika daftarini, tarakimu kubwa kubwa kama za mtoto wa chekechea.

Mjomba hana chembe ya haya, ananifanyisha kazi yake.

Hakuna chembe ya upepo humu ndani. (Feni ni marufuku. Inapeperusha vitu.)

Jumatano, 5 Juni

Nilimwonyesha Kifutio sentensi sita. Akazisoma taratibu, akashika kifutio. Zikabaki mbili.

“Mwanangu, humu kote ni sina, hana, hakuna. Chembe yenyewe iko wapi? Kati ya kumi hizo, niletee moja iliyopo. Uliyoiona kwa macho yako mwenyewe.”

Nikamwambia, Mwalimu, chembe ikionekana itakuwaje chembe? Darasa likaangua kicheko. Hata yeye alicheka, ila kifutio hakukiweka chini.

Alhamisi, 6 Juni

Mjomba kamimina chai nje ya kikombe. Nikamtania: Mjomba, kikombe kimehama, kiko kulia. Hakucheka. Kasema mdomo wangu huu utanifikisha pabaya, kisha akapangusa meza kwa kiganja, polepole, mpaka pembeni.

Dirishani, kati ya nondo, naona winchi ng'ambo ya barabara. Dereva wake kule juu anaona mji mzima. Mimi naona tumbo la saa.

Nimeongeza tano, sasa sentensi saba. Zote za hakuna. Moyo unaniambia nimpigie Mama nimwambie aje anichukue — halafu nakumbuka atakavyosema.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeharibu.

Nesi alikuja saa kumi kuulizia saa yake. Kesho adhuhuri mwanawe anasafiri, na anataka aondoke nayo mkononi. Ilibaki skrubu moja. Moja! Duka hili lina sheria: ukishika kitu kwa kibano, mdomo unafunga. Mimi nikataka kumwonyesha mama wa watu ufundi. Nikavua lenzi ya kukuzia jichoni, nikasema, angalia, Mama, mimi hii naiweka huku naongea —

Ikaruka. Hata mlio haikutoa.

“Ganda,” Mjomba akasema. Hakupaza sauti. Wote tukaganda, nesi na mkoba wake begani. Mjomba akafunga mlango kwa ufunguo. Akatandika kitambaa cheupe, nesi akavua viatu akavikung'utia hapo, akakung'uta na sketi, akakaguliwa kwa brashi. Mimi nikaambiwa niangalie kila alichokung'uta. Hakuna kitu. Akafunguliwa. Mlangoni akaniambia, “Mwanangu, hiyo saa ndiyo iliyobaki.” Afadhali angenitukana.

Sheria ya pili: aliyeangusha hatoki mpaka kipatikane. Hata kwenda duka la jirani. Skrubu hutoka na soli ya kiatu, ukishavuka kizingiti imekwenda. Na hiyo haina badala yake, saa za aina hiyo haziundwi tena.

Tulitambaa mpaka jua likazama. Nikamkumbusha: Mjomba, kesho mtihani, saa tatu.

“Najua.”

Si utanifungulia?

“Tafuta kwanza.”

Leo hakuna chembe ya utani iliyobaki kinywani mwangu. Hiyo ya tisa, ya nane niliiandika asubuhi. Naona hata Kifutio ataiacha.

Jumamosi, 8 Juni

Saa mbili kasorobo kwa saa ya simu yangu. Nimeshavaa shati la mtihani. Niko juu ya stuli, miguu nimeikunja, nimeamriwa nisitikise sakafu. Tangu alfajiri nimefagia kwa brashi chini ya meza nzima, inchi kwa inchi, na vumbi lote nimelimwaga kwenye kitambaa cheupe. Sasa Mjomba analichambua mwenyewe, kapiga magoti, lenzi jichoni, tochi mkononi. Kasema kwa hatua hii haniamini.

Saa mbili na dakika tano. Mpaka kwenye mtihani ni dakika ishirini kwa mguu. Kwa mbio, kumi na mbili.

Naiona.

Iko kwenye kitambaa, karibu na pindo, mbele ya goti lake. Inang'aa kila tochi ikipita. Tochi imepita juu yake mara tatu. Mwanzoni nikadhani ananitesa — kaiona, anataka nijifunze. Nikataka kucheka. Halafu kidole chake kikafika pale pale, kikaisogeza pembeni pamoja na vumbi, kama uchafu. Akapuliza pumzi. Akaanza upya kutoka upande wa kushoto, anapapasa kwa ncha za vidole.

Haioni.

Ile chai. Namba za kwenye mfuniko. Tarakimu za chekechea. Mkono umechoka! Wiki nzima najisifu, na mtu wa watu alikuwa anaazima macho yangu.

Saa mbili na robo. Nikisema “Mjomba, ile pale,” mlango unafunguka na mtihani nauwahi. Ila atajua kwamba nimemtazama akiipita. Na nikipata cheti, nani atashika skrubu hapa? Nikinyamaza, tutakaa humu wote wawili mpaka nesi agonge mlango. Tena anaweza kuipiga goti, ikaenda moja kwa moja.

Ya kumi, nimeiandika bila kufuta hata herufi: Chembe ya chuma iko juu ya kitambaa cheupe, inchi moja kutoka kidole cha Mjomba, na mimi naiona.

Kasimamisha mikono. Hajainua kichwa.

“Unaandika nini muda wote huo?”

Sentensi za Kifutio, Mjomba.

“Zimetimia?”

Zimetimia.

Ufunguo unaning'inia shingoni kwake, unagusa kitambaa. Kavua lenzi, kafikicha jicho, kageuza uso kuelekea nilipo. Siyo kwangu hasa. Pembeni yangu kidogo, kwenye koti lililotundikwa ukutani.

“Nisomee hiyo ya mwisho.”