Majina Mawili kwenye Kompyuta ya Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sikulelewa kuanza kuongea na wewe bila shikamoo.

Ni mimi Perpetua. Nakuandikia nikiwa hapa kwangu Nyasho, Musoma, nimetoka misa sasa hivi, hata nguo sijabadilisha. Kuna jambo la kompyuta yako limenivuruga kichwa. Kaka Magesa nimemuuliza akanijibu haraka haraka kama kawaida yake. Mama nimemuuliza akageuzia maneno kwenye ng'ombe. Amebaki wa kuuliza mmoja tu, na ndiye wewe.

Unakumbuka ulivyoinunua ulipostaafu ubwana mifugo? Ulisema utaandika yote uliyoyaona kwenye ng'ombe wa Butiama, magonjwa na dawa zake, na majina yake kwa Kizanaki kama wafugaji wanavyoyataja. Aliyekuuzia alikufungulia akaunti ya humo humo ndani ya mashine. Jina lako, neno lako la siri, basi. Haikutaka bando wala simu. Asubuhi, ukishakamua, ulikuwaga unakaa nayo barazani, unagonga kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, na hapo hakuna wa kukusemesha.

Mimi ndiye niliyekuja kuvuruga. Nilikwambia, Baba, hii ikiibiwa au ikiungua kazi yako yote imekwisha, tuihamishie kwenye akaunti ya mtandaoni, nakala ziwe zinatunzwa huko. Ukaniuliza, "Hao wanaotunza huko wananijua?" Nikacheka. Sikukujibu, Baba. Nilicheka tu, nikaendelea kubonyeza. Na namba ya simu niliyoweka ni yangu, kwa sababu ya kwako ulikuwaga unaiacha nyumbani ukienda kwenye ng'ombe.

Basi kila kompyuta ilipokukataa, zile namba sita za kuthibitisha zilikuja kwenye simu yangu mimi, Musoma, ofisini. Ukapiga. Nikakusomea. Ukapiga tena. Siku moja ulipiga mara tatu, mkuu wa shule amesimama mbele yangu anasubiri barua yake ya mitihani. Nikapokea, nikasema, "Baba, niko kazini, jioni." Ukasema, "Sawa mama, fanya kazi."

Jioni nilisahau.

Baada ya hapo hukuniomba namba tena. Nikadhani umeshaizoea mashine. Kweli kabisa, Baba, nilifurahi kwamba umezoea.

Wiki ya tatu tangu tukuzike, wafugaji wawili walikuja nyumbani kuulizia kile kitabu. Walisema uliwaahidi. Tukaiwasha kompyuta, mimi na Mama na Magesa aliyekuwa amekuja kutoka Bunda. Kwenye kioo yakatokea majina mawili. Moja "Baba", ambalo niliandika mimi. La pili "Mzee". Hilo hakuna aliyelijua.

La kwanza tulifungua kwa zile namba sita zilizokuja kwenye simu yangu. Kitabu kilikuwemo, lakini kimeishia kwenye ugonjwa wa chambavu, katikati ya sentensi. Umeandika, "Paja lililovimba ukilibonyeza utasikia", halafu hakuna kitu. Nikashuka chini, nikashuka, kweupe. Tutasikia nini, Baba? Nilikaa nimeangalia pale mpaka Magesa akaniondoa mkono.

"Mzee" ilitaka neno la siri. Tukajaribu jina la Mama. Jina la kigango. Majina ya ng'ombe wote tuliowakumbuka. Mashine inakataa.

Magesa akasema fundi anaweza kuingilia kwenye ile akaunti niliyofungua mimi, akabadilisha neno la siri la hii nyingine, ni kazi ya dakika tano. Mama akasema hapana. Akasema, "Baba yenu amefunga mwenyewe. Angekuwepo mngemwomba." Magesa akajibu kwamba angekuwepo tusingekuwa na shida. Mama akainuka, akaenda jikoni.

Mimi nilikuwa nafikiria mambo ya ajabu, mengine siwezi hata kuyaandika. Mzee wa miaka sabini anamficha nini binti yake? Nilikuonea hasira, Baba. Kisha nikajionea haya kwa kumkasirikia marehemu. Kisha hasira ikarudi. Nilirudi Nyasho sijui nalia nini hasa.

Aliyetuambia ni Mwalimu Sabina, jirani yako. Alikuja kumsalimia Mama akatukuta tena kwenye hiyo kompyuta, akashangaa kwamba hatujui. Akasema, "Ile nilimfungulia mimi, nikamnakilia humo kitabu chake. Aliniambia anataka inayofunguka bila kumpigia mtu. Alisema, binti yangu ana kazi nyingi." Neno la siri uliliandika mwenyewe, yeye aligeuka pembeni.

Kwa hiyo hukuficha. Ulinipunguzia kazi. Nimelirudia hilo mara nyingi na bado sijui kama limenipoza au limenichoma zaidi.

Mama aliposikia hivyo akasema, haya, twendeni. Alikuja mwenyewe mpaka Musoma, kompyuta ameipakata ndani ya kitenge. Fundi yuko Kitaji, baba mmoja mpole mwenye kuongea taratibu. Alifungua, kweli hata dakika tano hazikufika. Mama alikuwa ameangalia barabarani.

Kitabu chote kilikuwemo. Chambavu umeimaliza. Tutasikia kama majani makavu yanavunjika chini ya ngozi. Ndigana umeimaliza, na umeandika mpaka namna ya kumwinua ng'ombe aliyelala siku mbili. Chini yake kulikuwa na faili jingine, jina lake, "Maswali Perpetua akija."

Baba, maswali kumi na saba. Umeyapanga kwa namba kama mtihani. Kurasa zinawekwaje namba. Herufi zikiwa ndogo zinakuzwaje. Kwa nini kila neno la Kizanaki linapigiwa mstari mwekundu, nimekosea wapi. Nakala zilizo huko mtandaoni, nikifa zinakuwa za nani. La mwisho halikuwa la kompyuta. Umeandika, "Kwa nini amekonda."

Na nilikuja. Nilikuja Pasaka, nikaja tena kwenye msiba wa shangazi, nikalala siku mbili. Hukuniuliza hata moja. Labda uliona nimechoka. Labda nilikuwa na simu mkononi. Sikumbuki, na hilo la kutokumbuka ndilo linanisumbua kuliko yote.

Hujakosea popote, Baba. Mstari mwekundu maana yake mashine haikijui Kizanaki, ndiyo maana inakitilia shaka. Uliandika vizuri. Namba za kurasa nimeshaziweka. Kukonda ni mawazo tu ya kazi, sasa nakula. La nakala, nimesoma maelezo yao, marefu, sikuelewa.

Sasa ndipo nilipokwama. Fundi aliniuliza, akaunti hii ya Mzee aiache ilivyo, ya humo ndani, au aiunganishe na mtandao? Alinieleza bila kunisukuma. Ikibaki ndani, mashine ikifa, nayo imekufa. Ikienda mtandaoni, itakaa salama, lakini chini ya jina langu na simu yangu, na siku nikipoteza laini tutahangaika upya. Nilisimama pale dukani watu wananipita. Nikasema iunganishe. Kabla hajabonyeza nikasema iache. Nikasema iunganishe tena. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanisubiri.

Nilikuwa najiuliza ungetaka nini, na kila nilipodhani nimekupata nakuta ni mimi najijibu mwenyewe. Uliiacha ya mtandaoni kwa sababu uliiogopa, au kwa sababu mimi sikupokea simu? Ningekuwa napokea, ungebaki nayo? Nani wa kuniambia?

Mama ndiye aliyemaliza. Akamuuliza fundi, "Hiyo ya ndani, na mimi naweza kuifungua bila kumpigia mtu?" Fundi akasema ndiyo. Mama akasema basi iache. Kitabu tukakinakili kwenye flashi mbili, moja iko kwenye sanduku la Mama, moja ninayo mimi. Kisha fundi akamwambia aweke neno lake jipya la siri. Mama akatuambia, "Geukeni." Tukageuka wote, hata fundi. Tulimsikia anagonga kwa kidole kimoja, taratibu, muda mrefu kweli. Mpaka leo hajamwambia mtu. Magesa amekasirika, anasema akilisahau tutarudi pale pale. Inawezekana yuko sahihi. Mimi sijui, Baba. Naandika hivi na bado sijui kama tumechagua vizuri au tumechoka tu kuchagua.

Nimechapa kitabu chote kwenye karatasi, ofisini, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Siku ya kuogesha ng'ombe joshoni nitaomba likizo, nije Butiama, nikae na wale wafugaji niwasomee ukurasa kwa ukurasa. Watakapobisha jina la ugonjwa nitaandika pembeni walivyosema wao, na la kwako sitalifuta. Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia nitakaa na Mama kwenye hiyo kompyuta, mimi nikiwa upande wa kuulizwa, na simu itabaki kwenye mkoba.

Anajifunza sasa. Jana alinipigia kunisomea sentensi yake ya kwanza. Ameandika, "Ng'ombe wote wazima."

Pumzika, Baba. Bwana akuweke pema.

Mwanao,
Perpetua