Makocha Wawili Shambani

Jumamosi, Mbinga

Natangaza rasmi, kwa masikitiko: leo debe letu la kahawa limeingia mbichi, na mhusika ni kocha.

Ni yule wa chuo cha uuguzi cha kule ziwani. Anamtaka binti yangu Stella akawe kipa wao, basi akaona anifurahishe kwa kuchuma. Alichuma mbivu na mbichi, na vijiti akavunja. Nikamwambia, "Asante, mwanangu, pumzika." Hakupumzika.

Mara akafika kwa bodaboda kocha wa chuo cha uuguzi cha hapa mjini.

"Shikamoo, mama. Naona huyu amekuja kukumalizia mibuni."

"Wewe simama tu na viatu vyako visafi," mwenzake akamjibu. "Ndiyo maana mnafungwa manne manne."

Stella alicheka mpaka akakaa chini. Kila mmoja anasema nafasi ipo, aje tu na begi lake. Mimi nikawapa chai, nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakonikosesha raha sasa, maana mtoto ameshaanza kufua nguo za safari.

Hakuna aliyeuliza cheti. Stella ana F ya Kemia, na mwenye F ya Kemia hapokelewi uuguzi.