Shahada Inayotembea

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika salama hapa Hyattsville, Marekani, nami naitikia marahaba. Bibi yako ameotesha mchicha nyuma ya nyumba na anatamba nao mtaa mzima.

Umeuliza kama mama yako, aliyekuwa daktari huko Tanga na hapa anaogesha wazee, bado ni daktari.

Nilipokuwa kijana nikisomea sheria mjini Washington, nilipewa kusoma jalada la kesi ya Kimarekani ya karne ya kumi na tisa. Daktari wa kijijini alishtakiwa kwa kutibu bila shahada inayotambuliwa. Wakili akamwuliza shahidi, mama mmoja mkulima, "Umewahi kuiona shahada yake?" Mama akamsimamisha mwanawe, aliyeponywa na daktari huyo, mbele ya hakimu. "Hii hapa. Inatembea."

Kwetu cheti ni shahada, na ushuhuda nao ni shahada. Yule mama hakujua Kiswahili, lakini neno hilo alilielewa kuliko wakili.

Daktari alishindwa, na sheria haikukosea: matapeli walikuwa wengi, na hakimu hana macho ya kuona ujuzi ulio mikononi mwa mtu. Ndiyo maana mama yako anasoma ndani ya basi. Mtihani wake wa kupata cheti cha udaktari cha huku ni mwezi ujao.

Juzi mzee mmoja anayehudumiwa na mama yako aliwaambia wanawe, "Kidonda changu alikigundua huyu, kabla ya daktari." Mama yako alinisimulia akicheka.

Ukimpigia simu Jumapili, usimwulize habari za cheti. Mwite Daktari, kama zamani.

Babu yako