Ukurasa wa Lukwambe

Jumatatu, 5 Agosti 1912

Barua kutoka Dar es Salaam. Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenye boma hili, aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Uso ukamwiva. Mimi nachonga kalamu, najifanya kipofu.

Saa nne akaniita, akanieleza. Huko Berlin kuna Baraza Kuu, wenyewe wanaliita Raistagi. Wazee wa watu huketi humo, wakawauliza wakubwa wa serikali maswali — na wakubwa hujibu! Sikujua kama yuko mtu duniani wa kumwuliza Bwana Mkubwa swali. Basi safari hii wameuliza habari zetu. Maakida na majumbe wanawekwa na nani? Kwa sifa gani? Nani alishuhudia? Padri mmoja wa milimani amewaandikia kwamba watu wanawekewa majumbe wasiowataka. Sasa wazee wawili wa Raistagi wamo njiani, wanapita boma hata boma kukagua madaftari. Hapa wanafika Ijumaa ya wiki ijayo.

Daftari la majumbe liko mikononi mwangu. Mwaka wa nne huu, kila mstari mwandiko wangu. Leo asubuhi nilikuwa bado nauonea fahari.

Jumanne, 6 Agosti

Nimelipitia daftari zima. Mengi ni ya kawaida, yana upungufu wa kawaida. Ila ukurasa wa Tundani, kule juu mlimani! Nimeusoma mara tatu.

Masika ya mwaka jana nimeandika: "Lukwambe, jumbe wa Tundani, amekufa. Hana mrithi. Akida Salehe amemleta Maneno. Amewekwa." Basi. Wazee wa Tundani walisemaje? Sikuandika, maana hakuna aliyewaita. Maneno ni shemeji yake Akida, mtu wa hapa mjini. Nilijua. Nani asiyejua? Lakini akida akileta mtu, karani anaandika. Ndiyo kazi.

Chini yake, miezi miwili baadaye: "Amekuja mtu barazani, anajiita Lukwambe. Mwongo."

Huyo namkumbuka. Kijana mrefu, mpole, bangili ya shaba mkononi. Bwana Mkubwa alimwuliza jina, akasema yeye ni Lukwambe, jumbe wa Tundani. Nikafungua daftari, nikasema, Bwana, Lukwambe amekufa, imeandikwa hapa. Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Wakamlaza chini, fimbo hamsa ishirini, kisha mnyororo miaka miwili kwa kujifanya jumbe. Mpaka leo yumo mnyororoni. Kila asubuhi wanapita dirishani pangu na makarai ya mchanga.

Jumatano, 7 Agosti

Dada yake yule mfungwa amekuja tena kumletea chakula. Anaitwa Paskalia, wa misheni. Anashuka kutoka Tundani na kikapu mgongoni, kutwa nzima njiani. Askari walimzuia, nikatoka mimi. Akapiga goti, "Shikamoo bwana karani," wala hatujapitana umri. Anasema kaka yake anakohoa damu sasa. Anaomba mnyororo umfunguliwe japo wakati wa kulala.

Nikamwambia, dada, kaka yako alijidai ni maiti, ningefanya nini? Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mchafu. Akaweka kikapu chini, akaenda zake.

Mbona hakulia? Angelia ningejua la kusema.

Alhamisi, 8 Agosti

Mambo ya boma sisemi nyumbani. Leo nimesema. Mke wangu Chausiku alikuwa anachambua mchicha, mtoto wetu Mwanaasha amelala mgongoni pake. Nikamsimulia kama hadithi ya mjinga, ati kuna mtu kule kwenu milimani alijipa jina la marehemu.

Akaacha kuchambua. Akaniuliza, Lukwambe wa Tundani? Nikasema huyo. Akaniambia, Baba Mwanaasha, Lukwambe hafi.

Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania. Amenieleza hivi. Mkuu wa ukoo, wao wanamwita mndewa, akifariki, watu wa tumbo moja la mama wanakaa. Wanachagua mmoja katika wapwa zake. Wanamketisha kwenye kigoda cha mjomba, wanamvika bangili, wanampa jina. Tangu siku hiyo jina lake la utoto halitajwi tena, kulitaja ni tusi. Yeye ndiye Lukwambe. Wa kwanza aliyekata msitu wa Tundani alikuwa Lukwambe, na huyu wa leo ni Lukwambe, labda wa saba, labda wa nane.

"Nyie watu wa pwani," akasema, "mnadhani jina ni kama mswaki, kila mtu na wake."

Alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni. Akaacha kucheka. Akauliza, mume wangu, ni wewe uliyeandika?

Sikula.

Yule mtu alisema kweli! Aliulizwa jina, akataja jina lake, basi. Tumempiga fimbo ishirini na tano kwa kusema jina lake. Miaka minne nimelala na mke wa Kiluguru, Kiluguru chenyewe nakisikia, na sijapata kumwuliza hata siku moja kwao mtu anarithi vipi. Naogopa. Naandika waziwazi: naogopa.

Ijumaa, 9 Agosti

Akida Salehe alinisubiri nje ya msikiti. Mkarimu, kanzu nyeupe, tasbihi. Akanishika mkono kama ndugu, tukaelekea njia ya Kilakala. Alikwisha kusikia habari za wageni. Akasema, bila kupandisha sauti: karani, mimi sijui kusoma. Daftari ni lako. Aliyeandika "hana mrithi" ni nani? Aliyesema "mwongo" mbele ya watu wote ni nani? Mimi nilimleta mtu tu.

Kisha akaniuliza habari za mtoto wangu. Akamtaja kwa jina.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilikusudia kumwambia Bwana Mkubwa kila kitu. Wallahi nilikusudia. Nimeanza, "Bwana, ukurasa wa Tundani una kosa..." Akanikata. Anajua. Si habari za kigoda na bangili, hayo hayajui wala hataki kuyajua. Anajua tu kwamba ukurasa hauna shahidi hata mmoja na sahihi iliyo chini ni yake.

Amri: ukurasa utoke. Uandikwe mwingine, tarehe ileile ya mwaka jana. Wazee wa Tundani walikutana, wakamchagua Maneno kwa hiari yao. Mashahidi watatu, na alama zao. Akida atawaleta wazee wenyewe siku ya maswali. Na wafungwa wa mnyororo wote waondoke kabla ya Ijumaa, wapelekwe Ngerengere kuvunja mawe ya reli, wageni wasiwaone. Wageni wakishapita, yule mwongo wa Tundani apelekwe pwani moja kwa moja.

Mtu anayekohoa damu. Harudi huyo.

Niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: na nikiulizwa mimi, Bwana? Akasema, wewe utasoma kilichoandikwa. Karani ni macho na mkono. Akapiga meza kwa rula, polepole, mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Mwezi umeandama jana. Leo mfungo wa kwanza, na mimi nimeufungua kwa uongo.

Nimeandika. Nilichanganya wino na maji kidogo ili ufanane na wa mwaka jana. Nimeandika vizuri pia, mkono mwepesi! Wazee watatu niliwabuni hata maneno yao: "Tumemridhia Maneno kwa kuwa ni mtu mtulivu." Alama tatu za msalaba nimetia mimi, moja nzito, moja nyepesi, moja imepinda, zionekane za watu tofauti. Ujanja wote huo ulikuwa umekaa wapi?

Ukurasa wa zamani Bwana Mkubwa aliuchoma mwenyewe katika sahani ya kahawa yake. Kwa hiyo hakuna karatasi tena inayosema kweli. Nimebaki mimi.

Asubuhi wafungwa walipanda behewa la mizigo kwenda Ngerengere. Nilisimama nyuma ya dirisha. Yule wa Tundani alikuwa wa mwisho katika mnyororo, kila akikohoa wenzake mbele wanavutwa shingo. Hawakumlaumu. Mmoja alimpokea karai.

Chausiku ameniuliza kama nimeandika. Nimesema ndiyo. Amepika futari, ameniandalia, akaenda kula chumbani na mtoto.

Alhamisi, 15 Agosti

Sina la kuandika. Nimesahihisha barua za kodi, nimekosea mbili. Mlango ukigongwa nashtuka. Akida ameniletea nyumbani jogoo wa futari. Nimemrudisha, kisha nikamfuata aliyemleta, nikamchukua tena. Mwoga wa jogoo!

Ijumaa, 16 Agosti

Wamefika. Mmoja mnene, anajifuta jasho, anauliza kila kitu kama kina malaria. Wa pili ni mzee mwembamba, ndevu nyeupe, miwani, mkoba wa ngozi anaubeba mwenyewe. Askari alitaka kumpokea, akakataa. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Alipita meza hadi meza. Kwangu akasimama, akafungua daftari katikati, akainama kama anayenusa chungu. Akaniuliza Kijerumani nimejifunza wapi. Nikasema shule ya serikali, Tanga. Akasema mwandiko wangu ni mzuri sana, Berlin kuna makarani wangenionea wivu. Bwana Mkubwa akacheka. Mimi pia nikacheka. Jasho lilinishuka mpaka kwenye mshipi.

Akasema kesho ataanza na ukurasa wa Tundani, maana barua ya padri imekitaja kijiji hicho. Usiku mwema, karani.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nyuma ya boma, karibu na pipa la maji. Nimeomba ruhusa ya kusali adhuhuri. Nina dakika chache. Naandika mbiombio, sijui kama mwandiko huu nitausoma mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Wageni wawili mezani, Bwana Mkubwa kando yao, mimi na daftari. Nimesoma ukurasa mpya. Sauti haikukatika, ajabu! Wakaitwa wazee watatu aliowaleta Akida. Watu wa Tundani wameshuka pia, wamejaa uani, Paskalia yumo. Mzee wa kwanza haoni vizuri, anasema Kiluguru tu. Akida anageuza Kiswahili, Bwana Mkubwa anageuza Kijerumani.

Mgeni mwembamba akauliza: jumbe wenu ni nani?

Mzee akasema: Lukwambe.

Akida, Kiswahili: "Anasema, zamani alikuwa Lukwambe."

Mgeni: na yuko wapi?

Mzee akanyoosha mkono upande wa reli. Akasema mmemfunga, mnampeleka kufa, na tangu mlipomfunga hatujatambikia mvua wala mbegu. Alisema polepole, kila neno nimelisikia.

Akida: "Anasema amekwisha kufa, na sasa wanamshukuru Maneno."

Bwana Mkubwa akaligeuza hilo Kijerumani, zuri, fupi. Mgeni mnene akaandika. Uani watu wakaguna, wale wanaojua Kiswahili. Askari akapiga kitako cha bunduki chini, wakanyamaza.

Lakini yule mwembamba hakuandika. Aliutazama mkono wa mzee, bado umenyooka kuelekea reli. Akavua miwani. Akanigeukia mimi, akaniuliza mimi, Kijerumani, mbele ya wote: karani, mkeo ni mtu wa milima hii, wameniambia. Hivyo ndivyo alivyosema mzee huyu? Ndiyo au siyo.

Bwana Mkubwa hakunitazama. Akaishika rula tu. Akida alinitazama.

Neno moja! Yote mawili nayajua tangu wiki ya kwanza ya shule. Nikisema ndiyo, wageni wanapanda gari kesho, nami nabaki na kiti changu, mke wangu anakula chumbani, na mtu anakwenda kufa pwani kwa kosa langu. Nikisema siyo, mwandiko ni wangu, alama tatu za uongo ni zangu, na wazee hawa wa Raistagi wana kwao pa kurudi. Mimi kwangu ni hapa. Nani atakuwa upande wangu Jumatatu?

Nikamwambia mgeni, Bwana, ni wakati wa sala, naomba ruhusa. Mgeni akatazama saa yake, akasema, nenda, tunakungoja. Hakuna aliyeinuka mezani.

Nilikuja hapa kwenye pipa kutawadha. Kata haikuwepo. Paskalia alikuwa ameketi ukutani, akainuka bila kuambiwa, akachota maji kwa kibuyu chake, akanimiminia. Leo hakupiga goti. Nikanawa mkono wa kulia, akaendelea kumimina. Nikasema yatosha, dada.

Akasema: "Nawa vizuri, bwana karani. Najua ni mkono huu."

Hakusema kwa hasira. Kibuyu kikaisha, akakikung'uta, akarudi uani kwa watu wake.

Nimesali. Rakaa ngapi sijui. Askari ameniita kutoka mlangoni, nimemjibu nakuja. Ameita tena.